Shangazi Anajibu: Nyumba za kutisha za Oktoba, tuingie au tubaki nyumbani?

Jamani Oktoba imeingia na barua zimejaa, karibu zote zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: hizi nyumba za kutisha za msimu wa Halloween, ile sikukuu ya Oktoba 31, ambazo mtu analipa tiketi aingie gizani ashtuliwe na waigizaji. Mtu kaona bango la barabarani lina fuvu na mshale, mwingine mtoto karudi na karatasi ya shule, mwingine wenzake wa kazini wamemwambia Jumamosi usiku twende. Mi nimeishi Pennsylvania miaka mingi sasa na nimeshaingia kwenye hizi nyumba mara kadhaa, kwa hiyo mwezi huu barua za ndoa nimeziweka kando, wenyewe mnivumilie.

SWALI: Asalaam aleikum Shangazi. Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Columbus, Ohio, kwetu ni Wete, Pemba. Mwanangu wa kwanza ana miaka 13, wenzake wa shule wamemwalika kwenye nyumba ya kutisha iko mji mdogo kama dakika 40 kutoka hapa, mama wa rafiki yake ndo atawapeleka. Kila siku ananiomba. Mama yangu mzazi yuko hapa kwangu, kasikia tu akasema kwenda kule ni kuita majini, akanikumbusha mwaka 1995 wakati wa popobawa, lile jini la usiku lililotisha watu Pemba, tulivyokuwa tunalala nje sote kwenye mikeka na baba kakaa macho na moto wake mpaka alfajiri. Nilikuwa mdogo lakini nakumbuka mpaka harufu ya ule moshi wa makuti. Sasa iweje mtu alipe hela ili atishwe? Na mule ndani kuna nini hasa? Sitaki kumnyima mtoto kwa kitu nisichokijua.

JIBU: Waaleikum salaam mwanangu, na mama yako mpe shikamoo yangu. Hofu yake naielewa na nakuomba usiione ni ushamba.

Nianze na cha ndani maana ndo ulichouliza. Mara yangu ya kwanza nilipelekwa na jirani, mji wenyewe una taa moja tu ya barabarani, kanisa, na duka la vifaa vya shamba, na hiyo nyumba ya kutisha ilikuwa ni ukumbi wa zimamoto wa kujitolea, wale watu ambao mchana ni mafundi bomba na walimu afu simu ikilia wanakimbilia gari la moto. Magari walikuwa wameyatoa nje wameyapaki pembeni, ukumbi wameugawa kwa mbao na mapazia meusi mpaka umekuwa vichochoro, kichochoro kinazaa kichochoro, upana wa mtu mmoja. Dirishani anakata tiketi mama mmoja mtu mzima, pembeni wanauza madonati na juisi ya tufaha ya moto, na hela yote inaenda kununua vifaa vya kuzimia moto. Nikaingia nimemshika jirani yangu koti. Giza, moshi, mlango unalia. Unafika kwenye chumba cha kulia, meza imeandaliwa, kuna mtu kalaza kichwa kwenye sahani, unamkodolea macho huyo huyo ukijua ndo atakayeinuka, kumbe wa kukutisha yuko upande wa pili, picha ya ukutani inadondoka paa! na uso wa mtu uko hapo karibu na sikio lako. Nilipiga kelele mpaka koo likauma. Na kabla sijaondoka ule mzimu ukanong'ona kwa adabu kabisa, mama angalia hapo mbele kuna ngazi. Nikamtazama viatu, alikuwa ni kijana anayetukatia nyasi mtaani.

Hiyo ndo kazi yenyewe ilivyo, na ukishaijua utaona imejaa akili. Wanakupa kitu cha kutazama kushoto ili wakupate kulia. Wanaacha nafasi kati ya kundi na kundi maana kundi la nyuma likimkuta la mbele linaona kila kitu kabla hakijatokea, na yule anayetokea nyuma ya picha ya ukutani hamngoji wa kwanza, mara nyingi anangoja wa katikati, anayejiona yuko salama. Kuna handaki linalozunguka, wewe unapita kwenye daraja la chuma lililotulia tuli, kinachozunguka ni pipa kubwa la kitambaa chenye madoa ya rangi, lakini macho yanakwambia unaanguka na miguu inayaamini macho, watu wanashikilia vyuma kama wako kwenye dau la Mkoani siku ya kusi. Ukifumba macho tu linatulia, mwambie mwanao hilo. Moshi unatoka kwenye mashine, maji yaliyochanganywa na glaiko, kimiminika cha kutengenezea moshi huo. Na mwisho kabisa nyumba nyingi zinamalizia na mtu wa chenisoo, ule msumeno wa injini wa kukatia miti, injini inanguruma kweli ila mnyororo wameutoa, na hayuko pale kwa kutisha tu, kazi yake ni kuwakimbiza mtoke haraka mlango uwe wazi kwa wanaofuata.

Sasa kwanini mtu alipe. Hapa nimefikiria sana ile mikeka yenu ya 1995. Mwaka ule hakuna aliyejua itaisha lini, hakuna aliyekuwa na mlango wa kutokea, na mtu mzima wa nyumba, baba, alikuwa anaogopa kama ninyi, na mtoto anapoona baba anaogopa basi dunia imekwisha. Huku ni kinyume chake kabisa. Unajua ni dakika 20, unajua mlango uko wapi, unajua mzimu una miaka 17 na kesho ana mtihani wa hesabu. Mwili unaogopa lakini moyo unajua. Kuna watafiti wa Chuo Kikuu cha Aarhus, Denmark, akina Mathias Clasen, waliwafunga watu 110 vipima mapigo ya moyo wakawaingiza kwenye nyumba ya kutisha ya mji wa Vejle, na walichokiona ni kwamba waliofurahi zaidi ni wale walioogopa kiasi. Wasioogopa waliboreka na waliozidiwa hawakufurahi. Kuna mahali katikati, na kila mtu ana katikati yake, wewe yako na ya mama yako hazifanani na ya mwanao.

Na hizi nyumba Marekani hazikuletwa na waganga, zilikuzwa na wazazi. Miaka ya 1930 wakati wa ile shida kubwa ya uchumi vijana walikuwa usiku wa Oktoba 31 wanavunja madirisha, wanapindua magari, miji ikachoka, ndo wazazi wakaanza kuwaandalia sherehe majumbani na kwenye vyumba vya chini, wanawapitisha gizani, ukutani wametundika manyoya na vipande vya maini mabichi uguse ushtuke. Miaka ya 1970 vile vyama vya vijana vya Jaycees vikaifanya ndo njia ya kuchangisha hela ya hisani miji mingi midogo, na hao zimamoto wa kwetu wamerithi mumo humo.

Kuhusu majini, hukmu ya dini muulizeni sheikh wenu, mimi sina elimu hiyo na sitajifanya ninayo. Ninachoweza ni kukwambia nilichokiona, hakuna anayesoma kitu, hakuna ubani, hakuna anayeita jina la yeyote. Ila zipo nyumba zinazoigiza ibada za kishetani, misalaba imegeuzwa, mishumaa na nyota sakafuni, na hizo mi mwenyewe nisingempeleka mtoto wangu hata kama ni maigizo. Angalia picha zao kwanza, wanaweka wenyewe.

Ningekuwa mimi ningemruhusu. Lakini ningempigia simu mwenye nyumba nimuulize kama waigizaji wanagusa watu, maana zipo za wakubwa ambazo unasaini fomu na wanakushika, hiyo hapana. Ningeongea na huyo mama anayewapeleka, aingie nao au akae mlangoni, asiwaache paking aende zake dukani. Na ningemwambia mwanangu mbele ya wenzake, wasikie, kwamba mtu akitaka kutoka katikati anatoka, anasimama, anasema kwa sauti anataka kutoka, na mwenye tochi atamtoa kwa mlango wa pembeni, na hakuna kuchekana kwenye gari. Akirudi mkalishe na bibi yake, yeye asimulie chenisoo na bibi asimulie mwaka 1995. Nadhani hajawahi kumsikia bibi yake akisimulia ile habari yote.

SWALI: Shangazi shikamoo. Mimi ni baba, niko Louisville, Kentucky, Mrundi. Majini siyaogopi, naogopa moto. Mbao, mapazia, giza, watu wamebanana kichochoroni, waya za umeme kila mahali. Mke wangu anasema nina wasiwasi kupita kiasi.

JIBU: Marahaba baba. Huna wasiwasi kupita kiasi, swali lako ndo la maana kuliko yote yaliyonifikia.

Tarehe 11 Mei 1984 kule Jackson, New Jersey, kwenye bustani ya michezo ya Six Flags Great Adventure, kulikuwa na nyumba ya kutisha inaitwa Haunted Castle, imeundwa kwa matrela yaliyounganishwa. Ndani kuna kona ina giza, kijana mmoja akawasha kiberiti cha gesi aone njia, moto ukashika sponji ya ukutani. Haikuwa na mitambo ya maji ya dari. Walikufa vijana 8. Naandika hivi na mkono unasita maana walikuwa na umri wa hao hao watoto wanaotuomba ruhusa leo.

Baada ya hapo sheria za majengo zikakazwa. Nyumba ya aina hii sasa inahesabiwa kuwa jengo la aina yake, inatakiwa iwe na vigunduzi vya moshi, mitambo ya maji ya dari isipokuwa zile ndogo sana za muda, na kengele ya moto ikilia taa zote ziwake na makelele yote yazimike hapo hapo, ili mtu aone njia. Mapazia na mbao zinatakiwa zipakwe dawa ya kuzuia moto au ziwe za aina isiyoshika moto haraka.

Lakini sheria kuandikwa ni jambo moja na mwenye nyumba ya kutisha kuifuata ni jambo lingine, kwa hiyo baba fanya hivi. Uliza kama zimamoto wamekuja kukagua mwaka huu, mtu aliyekaguliwa anajibu haraka na kwa fahari, asiyekaguliwa anaanza kuzungukazunguka. Ukiwa kwenye foleni tazama nje ya jengo uone kama kuna milango ya dharura na kama kuna mtu kapaki gari mbele yake au kaweka marobota ya nyasi. Ndani, hata kwenye giza, alama ya njia ya kutokea lazima iwe inawaka, na kama umepita vyumba vitatu hujaiona hata moja geuka na watoto wako. Hela ya tiketi iache iende.

Mke wako msomee hii barua yote.

SWALI: Mtoto wangu ana miaka 5, kaka zake wanaenda, analia anataka kwenda na yeye. Nimpeleke?

JIBU: Hapana mwanangu. Mtoto wa miaka 5 hajui bado kutenga mtu na barakoa yake, wewe unaona kijana wa jirani, yeye anaona kitu kitakachokuja chumbani kwake usiku. Baadhi ya nyumba zina saa ya mchana, taa zinawaka, waigizaji wamevua barakoa wanagawa pipi, hiyo mpeleke. Au mpeleke shambani akachague boga na kupanda tela la nyasi, na mwambie hiyo ndo zamu yake.

SWALI: Jambo Shangazi. Miye ni Mukongo, nimezaliwa Fizi, tukakimbia vita nikiwa mtoto, nikakulia kambi ya Nyarugusu kule Kigoma mpaka tulipokuja Iowa. Nafanya kazi kiwanda cha nyama, shifti ya pili. Wenzangu wa kazi ni watu wazuri, wamenunua tiketi za kundi zima na yangu imo, wanasema lazima nije. Shangazi, miye mtu akitokea nyuma yangu ghafula mkono unainuka wenyewe mbele sijafikiri. Mwaka wa jana mutoto alipasua puto kwenye sikukuu ya kuzaliwa nikajikuta nimelala chini ya meza. Sitaki wanione mwoga. Nifanye nini?

JIBU: Ndugu yangu, barua yako nimeisoma mara tatu.

Usiende. Na si kwa sababu wewe ni mwoga. Nimemwandikia yule mama wa Columbus hapo juu kwamba raha ya hizi nyumba inatoka kwenye kujua moyoni kuwa ni mchezo wakati mwili unaogopa. Mwili wako wewe ulijifunza mapema sana kwamba kishindo si mchezo, na uliponea kwa sababu uliamini kishindo. Sasa mle ndani kuna mabati yanapigwa, kuna hewa inafyatuliwa kwa mgandamizo mlio wake ni kama risasi, kuna taa zinapigapiga kama radi huoni mtu anavyosogea, na mwisho injini inanguruma nyuma yako inakukimbiza. Hakuna tiketi ya kundi inayostahili kukurudisha huko.

Na lingine nakwambia wazi maana nakupenda. Huyo atakayekurukia anaweza kuwa mtoto wa shule wa miaka 16. Ukimpiga, hata kama mkono umeinuka wenyewe, polisi wataitwa, na wewe na makaratasi yako hutaki habari hiyo.

Waambie wenzako maneno mafupi tu: mimi nimetoka vitani, hiyo michezo ya kushtuana siwezi, nawangoja nje na kahawa. Huhitaji kuongeza. Watu wazuri kama ulivyosema wataelewa, na mara nyingi hapo kwenye foleni kuna mwingine aliyekuwa anatafuta sababu ya kubaki nje na wewe, nimewaona hao, wanajeshi wa zamani wa Kimarekani wamesimama karibu na gari la madonati na familia zao ziko ndani.

Lile la kulala chini ya meza, hilo lisubiri hadi lini? Ukienda kliniki kwa ajili ya jambo lolote mwambie daktari habari ya puto kama ulivyoniambia mimi, ni ugonjwa wanaoujua na wana namna ya kuutibu, na una haki ya kuomba mkalimani wa Kiswahili bila kulipa. Usimtumie mtoto wako kutafsiri hilo. Niandikie tena unipe habari.

SWALI: Shangazi pole na kazi. Mimi ni Mkenya, niko kusini mashariki mwa Pennsylvania, nafanya kazi ya kuhudumia watu wenye ulemavu wa akili kwenye nyumba wanayoishi wanne, nawaogesha, nawapa dawa, nawapeleka kanisani, mmoja kanizoea ananiita mama. Wenzangu wa zamu wanataka twende Pennhurst, karibu na Spring City, wanasema ndo nyumba ya kutisha kali kuliko zote huku. Nimesikia zamani ilikuwa hospitali. Kuna kitu kinanikataza ila sijui ni nini.

JIBU: Asante mwanangu. Hicho kinachokukataza kina historia ndefu, ngoja nikupe.

Spring City ni mji mdogo sana kando ya mto Schuylkill. Pembeni yake mwaka 1908 serikali ya jimbo ilifungua mahali pa kuwaweka watu wenye ulemavu wa akili na wenye kifafa, baadaye pakaitwa Pennhurst State School and Hospital. Watoto walikuwa wanapelekwa wadogo kabisa wanazeekea mle. Miaka yote ile walipita zaidi ya watu 10,000. Mwaka 1968 mwandishi wa televisheni ya Philadelphia, Bill Baldini, akaingia na kamera akakuta watu zaidi ya 2,700 wamejazana kwenye majengo yasiyowatosha, wengine uchi, wengine wamefungwa vitandani, watu wazima kwenye vitanda vya vyuma vya watoto, hakuna wa kuwasemesha siku nzima. Watu walioangalia walishtuka. Mwaka 1974 familia zikafungua kesi, aliyetangulia jina alikuwa msichana anaitwa Terri Lee Halderman, aliyekuwa anarudi nyumbani ana majeraha, na mwaka 1977 jaji Raymond Broderick akaamua kwamba haki za watu wale zimevunjwa. Kesi ilipanda hadi Mahakama ya Juu kabisa ya Marekani. Mwaka 1987 pakafungwa, na waliokuwa mle wakahamishiwa kwenye nyumba ndogo ndogo mitaani, watu watatu wanne kwa nyumba, na mtu wa kuwahudumia.

Umeona tunapofika? Hiyo nyumba unayofanyia kazi, yenye watu wanne na jiko na bustani, ipo kwa sababu Pennhurst ilifungwa. Kazi yako wewe ndo jibu la kesi ile. Na yule anayekuita mama, angezaliwa miaka 60 nyuma, kuna uwezekano mkubwa angelala mle.

Mwaka 2010 yale majengo yakafunguliwa kama nyumba ya kutisha. Watetezi wa watu wenye ulemavu walipinga sana, walisema mnawafanya wagonjwa kuwa majitu, na mateso ya kweli kuwa kiburudisho. Upande wa pili wanasema hela ya tiketi ndo inayozuia majengo yasianguke, na ni kweli kwamba majengo ya zamani yanakula hela. Nimesikiliza pande zote mbili na mimi niko na wale waliopinga. Mzimu wa kwenye ukumbi wa zimamoto haukuwahi kuwa mtu. Wa mle walikuwa watu, wana majina, wengine bado wako hai, na ndugu zao wanapita ile barabara kila Oktoba wanaona bango.

Sisi kwetu mtu akipita makaburini anapunguza sauti. Hakuna aliyetufundisha darasani, tumewaona wazazi wakifanya. Nadhani ndo hicho kinachokukataza.

Lakini sikwambii usifike kabisa. Wana matembezi ya historia, mchana, taa ya jua, hakuna wa kukurukia. Nenda na hao hao wenzako wa zamu. Mpite kwenye yale majengo mjue kazi yenu ilianzia wapi, na mkirudi kwenye shifti mtamwogesha yule mtu kwa mkono mwingine. Afu kama bado mnataka kupiga kelele Jumamosi, vijiji vya huko vimejaa maghala ya nyasi na zimamoto wa kujitolea wanaotisha vizuri kabisa bila kumsumbua marehemu wa mtu. Kabla hamjakata tiketi popote ulizeni hili jengo kabla ya kuwa nyumba ya kutisha lilikuwa nini. Wakijibu ghala la mahindi, ingieni.

SWALI: Shangazi mi naenda, nimeshaamua, mke wangu pia. Nipe tu vya kujua. Hela ngapi, tuvae nini, simu tunaingia nayo?

JIBU: Hongereni. Za kujitolea kwa kawaida ni dola 10 hadi 20 kwa kichwa, na beba hela taslimu maana wengine hawana mashine ya kadi, zile kubwa za biashara zinapanda hadi 40 na kuendelea, na wana tiketi ya gharama zaidi ya kuruka foleni. Mi naona ukienda Ijumaa ya mwanzo wa Oktoba huihitaji, Jumamosi ya mwisho utaitamani. Viatu vya kufunga, sakafu haiko sawa na huoni, na mkeo asivae visigino. Simu mfukoni, izimwe, mwanga wake unaharibu kazi ya watu na wanaweza kuwatoa. Msiguse chochote wala yeyote. Mwenye pumu ajue kuna moshi, mwenye kifafa zile taa za kupigapiga zinaweza kumwangusha, mwenye mimba au moyo asiingie, na kama mkeo ana habari njema ambayo bado hajakwambia mpe nafasi aseme kabla ya dirisha la tiketi.

Usimtangulize mkeo mbele ukidhani unamlinda nyuma, mshikane mikono mwende sambamba panapowezekana. Na vaeni masweta mazito, foleni iko nje na usiku wa Oktoba huku ni baridi, nimeona watu wametetemeka saa nzima wakafika mlangoni wamechoka hata kuogopa.

Barua za mwezi ujao leteni mapema. Yule dada wa Minneapolis mwenye habari ya mahari, yako iko juu kabisa mezani.